Jogoo Aliyechukuliwa Mchana Kweupe

Mimi sikusomea sheria. Nilichokuwa nacho ni mwandiko mzuri, na miaka ile mwandiko mzuri ulitosha kumpatia msichana kazi ya ukarani katika mahakama ya mwanzo. Nilitoka kwetu Mabwerebwere, Kilosa mjini, na sanduku la bati na barua ya ajira, nikashushwa Mikumi na lori la chumvi, vumbi limenijaa mpaka kwenye kope. Nikakabidhiwa meza yenye mguu mmoja mfupi, dirisha dogo la kuhudumia wananchi, na rejista mbili kubwa. Moja ilikuwa ya jinai, ya pili ya madai.

Hakimu alinieleza tofauti yake kabla hata sijakaa. "Kwenye jinai, Serikali inatafuta mkosaji ili imwadhibu. Kwenye madai, mtu ameumia au amepoteza kitu chake, anauliza nani abebe hasara hiyo. Ukizichanganya, ndugu karani, utanitia aibu mbele ya wakubwa."

Nikasema nimeelewa. Uongo mtupu, sikuwa nimeelewa chochote. Nilikuja kuelewa mwaka uliofuata, na aliyenielewesha hakuwa hakimu. Alikuwa shangazi yangu, kwa kumchinja jogoo asiyekuwa wake.

Shangazi huyo, dada wa baba, ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Baadaye aliolewa upande wa Mikumi, mimi nikabaki Kilosa kwa baba; akafiwa na mumewe, akakataa kurudi. Vijiji vya ujamaa vilipoanzishwa, yeye na wenzake walihamishwa kutoka bondeni, wakapewa viwanja karibu na barabara kuu. Wiki ya kwanza alilalamika kila siku. Wiki ya pili alikuwa anajua siri ya kila nyumba, na wiki ya tatu hakuna harusi wala msiba uliofanyika bila yeye. Kazi yake kubwa ilikuwa utani.

Sisi Wasagara tuna watani wengi, lakini hakuna tunaowaonea kama Wanyamwezi. Wazee wetu walisimulia kwamba ilianzia kwenye misafara. Wanyamwezi walipita kwetu na mizigo kichwani wakielekea pwani, wakaomba mihogo, mara nyingine wakaing'oa bila kuomba, wakagombana na babu zetu mpaka pande zote mbili zikachoka, wakaamua kugombana kwa kucheka. Tangu hapo Msagara anaweza kuingia nyumbani kwa Mnyamwezi akabeba kuku, akamwita majina ya ajabu mbele ya wakwe zake, akajilaza mlangoni msibani mpaka apewe chochote. Mnyamwezi haruhusiwi kununa. Anachoruhusiwa ni kungoja zamu yake.

Shangazi alikuwa na utaratibu wake mwenyewe. Hakuchukua kitu kimyakimya hata siku moja. Alikuja mchana akipiga debe, kijiji kizima kikijua anakwenda kwa nani, na pale alipochukua kitu aliacha kipande cha muhogo mbichi, ili Mnyamwezi akumbuke babu yake alikula nini. Watu walimpenda kwa hilo. Msiba ukiwa mzito kupita kiasi, walimtuma mtu akamwite, naye angekuja na debe lake na kuwafanya wafiwa wacheke hali machozi yanawatoka.

Sasa, katika kijiji hicho akaletwa bwana mifugo mpya. Alikuwa kijana mrefu, mpole, na shati lake lilipigwa pasi hata siku ya kwenda kwenye josho la ng'ombe. Alishuka Kilosa kwa treni ya kutoka Tabora, na asubuhi yake ya kwanza kijijini alipowakuta wazee wawili waliobaki kutoka mashamba ya mkonge aliwasalimia, "Mwangaluka!" Wazee wakaruka kwa furaha, wakamjibu kwa Kinyamwezi. Shangazi alikuwa anapita na ndoo ya maji. Akaitua chini, akamtazama yule kijana kwa makini, akatabasamu. Kwake ushahidi ulikuwa umekamilika.

Siku ya tatu alimmwagia unga wa mahindi kichwani, mbele ya duka la ushirika, akamwambia Wanyamwezi weupe ndio wanaopendeza. Bwana mifugo alisimama kidogo, akajipangusa macho, akacheka. Watu wote wakacheka. Basi ikawa ndiyo kawaida. Alimfunga kamba za viatu alipokuwa amekaa kwenye mkutano, akamwita mume wake mdogo, akamwambia mwenyekiti wa kijiji kwamba kijana huyu analia akiona mbuzi anachomwa sindano. Yeye alicheka tu kila mara, akafungua kamba zake, akaenda kazini.

Alikuwa na jogoo. Na si jogoo kama hawa wetu wa kukimbizana na upepo. Alikuwa mwekundu, mzito, wa kizungu, mwenye manyoya mpaka kwenye vidole vya miguu kana kwamba amevaa soksi. Bwana mifugo alimnunua kwa mshahara wake mwenyewe, si kwa fedha za Serikali, akamleta ili azalishe na kuku wa kijiji tupate mayai makubwa. Alimjengea banda lenye wavu. Jogoo naye hakuwa mtu wa kukaa bandani. Kila alasiri alipata upenyo, akaenda kutembelea kuku wa majirani, na nyumba aliyoipenda zaidi ilikuwa ya shangazi.

Kisha jirani mmoja akamwoza binti yake. Wageni walikuja wengi kuliko walivyoalikwa, kama kawaida ya harusi, na kufika saa nne asubuhi kitoweo kilikuwa kimeanza kutia wasiwasi. Shangazi akajifunga kanga kiunoni, akachukua debe. Akaongoza wanawake watatu wakiimba mpaka kwa bwana mifugo, ambaye alikuwa joshoni. Akafungua banda, akamkumbatia jogoo, akatangaza kwa sauti kwamba leo Unyamwezi unalipa mihogo yake, akaweka kipande cha muhogo juu ya kigoda kilichokuwa mlangoni. Mchana ule nilikula wali kwenye harusi hiyo, na nyama, na mchuzi nikauomba tena. Nasema haya ili msinione msafi.

Bwana mifugo alirudi, akakuta wavu uko wazi na muhogo juu ya kigoda. Hakucheka.

Asubuhi yake alikuwa dirishani kwangu, shati limenyooka, macho mekundu. Alisema ameanzia kwa askari, na askari aliposikia habari ya debe alicheka mpaka akavua kofia, akamwambia ajaribu mahakamani.

"Andika," akaniambia. "Nimeibiwa. Mwizi namjua."

Akalitaja jina la shangazi yangu. Kalamu ilikuwa mkononi, rejista ya jinai iko wazi. Nilimjua shangazi. Nilijua kwamba angeweza kuvumilia njaa, kuhamishwa, hata kufiwa, maana yote alikwisha kuyavumilia, lakini neno hilo lingemmaliza. Maisha yake yote yalikuwa kuingia katika nyumba za watu na kuchukua vitu. Siku atakayoitwa mwizi, hata kama ni mara moja na hata kama ni kwa makosa, hakuna atakayemfungulia mlango tena.

Nikamuuliza, "Ndugu, unataka mama huyo afungwe, au unataka jogoo wako?"

Akafikiri. "Nataka jogoo wangu."

"Ameliwa."

"Basi nataka thamani yake. Na vifaranga ambao angezaa. Nimepiga hesabu, kwa mwaka ni mia mbili."

"Hayo ni madai," nikasema, nikaifunga rejista ya jinai taratibu na kuivuta ile nyingine. Niliandika kwa mwandiko mzuri kuliko nilivyowahi kuandika.

Alipoondoka nilianza kujichukia. Je, nilimweleza kama karani, au nilimzungusha kama mtoto wa kaka wa mdaiwa? Saa sita ilipofika nilifunga dirisha. Nikaenda kwa hakimu, nikamweleza yote, pamoja na wali.

Hakimu alikuwa mtu wa Songea, mkavu, asiyepoteza maneno. Akaniuliza kama nilichomwambia bwana mifugo ni kweli au si kweli. Nikasema ni kweli. "Basi kosa lako si kusema, ni kunyamaza kwamba ni shangazi yako. Kuanzia sasa faili hilo usiliguse. Na mdai tutamwambia." Akamwita bwana mifugo, akamweleza. Kijana akanitazama, akasema, "Nilijua, Ndugu Hakimu. Sura moja, kelele moja." Sikujua kama nimesamehewa au nimetukanwa.

Tarishi alipompelekea shangazi samansi, hati ya kumwita mahakamani, yeye hakuisoma. Aliikunja, akaja nayo chumbani kwangu, akakaa kitandani bila kuvua kanga ya kichwani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wameandika mwizi?"

"Hapana. Wameandika mdaiwa."

"Ndiyo nini?"

"Ni mtu anayeambiwa amesababisha hasara."

"Na huyo ni tofauti na mwizi?"

Nikamwambia ndiyo, ni tofauti kabisa, na ajabu ni kwamba wakati namweleza ndipo nilipoanza kuelewa mwenyewe. Mwizi amekusudia ubaya. Mdaiwa huenda hakukusudia chochote, huenda hata alikuwa anafurahisha watu, lakini kitu cha mwenzake kimeharibika kupitia mikono yake, na swali ni moja tu, hasara ikae kwa nani. Alinisikiliza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Kuku nitatoa hata kumi. Lakini yule hakimu wako akitamka lile neno mbele ya watu, mimi debe langu nalitupa mtoni." Akasimama, akaondoka bila kunywa chai. Hapo nilijua anaogopa.

Siku ya kesi watu walijaa mpaka madirishani. Wengine walitembea toka asubuhi na mapema, maana kesi za ng'ombe kula mahindi walikwisha kuziona, lakini utani kushtakiwa ilikuwa mara ya kwanza. Hakimu alikaa katikati, wazee wa baraza wawili kulia na kushoto. Mmoja alikuwa mkulima wa huku, mtulivu. Wa pili alikuwa mmoja wa wale Wanyamwezi wa mkonge waliosalimiwa mwangaluka. Mimi nilisimama mlangoni, mikono nyuma, kwa sababu ndani sikuruhusiwa.

Bwana mifugo alieleza vizuri, jogoo, banda, wavu, muhogo. Kisha hakimu akamuuliza kabila lake, kwa kuwa ndipo kesi ilipokuwa imelala.

"Mimi Mhaya, Ndugu Hakimu. Nyumbani ni Bukoba. Tabora nilikwenda kusoma."

Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Nilimtazama shangazi. Alifungua mdomo, akaufunga, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikamwona amekosa la kusema. Alikuwa amemtania kwa miezi minane mtu ambaye babu zake hawakuwahi kula hata muhogo mmoja wa kwetu.

Lakini hakukaa kimya sana. Alipopewa nafasi alisimama wima.

"Ndugu Hakimu, mwizi hapigi debe. Mwizi haji na kwaya. Mimi nilikwenda mchana, nikaacha alama yangu. Na huyu bwana, mbona alikuwa anacheka? Nilimmwagia unga, alicheka. Nilimfunga kamba, alicheka. Angesema siku ya kwanza kwamba yeye si mtani, ningempa shikamoo yake nikamwacha, ingawa ni mdogo kwangu. Tena mdondo umepita mwezi huu, kuku wamekufa nusu ya kijiji. Jogoo huyo angekufa tu. Halafu kuna mtama wangu. Kila alasiri alikuja kula mtama wangu mkekani, na mtama huo sijalipwa."

Watu wakapiga makofi. Hakimu akagonga meza.

"Mama, huwezi kuharibu kitu cha mtu leo ukasema kesho kingeharibika chenyewe. Hilo liache." Akamgeukia bwana mifugo. "Alipokumwagia unga, kwa nini ulicheka?"

Kijana aliinama kidogo. "Nilikuwa mgeni, Ndugu Hakimu. Tangu nishuke kwenye treni hakuna aliyekuwa amenizoea. Wote waliniita Ndugu Bwana Mifugo. Mama huyu peke yake ndiye aliyenichokoza. Sikujua maana yake, lakini nilifurahi."

Mimi mlangoni nilijikuta namwonea huruma mdai, na hilo ni jambo baya kwa familia ya mdaiwa.

Ndipo yule mzee wa baraza Mnyamwezi alipoomba kuuliza swali. "Bwana mdogo, mama huyu mwaka juzi alinimwagia maji ya mchele kwenye suruali yangu ya Idi. Mimi nilikwenda nikachukua mbuzi wake. Wewe miezi minane yote hii, ulichukua nini kwake?"

"Sikuchukua kitu, mzee."

"Kwa nini?"

"Sikujua kama naruhusiwa."

Mzee akamtazama hakimu, akanyanyua mikono kidogo, akakaa. Nadhani hukumu ilitoka pale pale, mengine yalikuwa kuandika tu.

Hakimu alisoma alasiri ile ile. Sina nakala yake, lakini naikumbuka, kwa sababu niliishika kwa masikio yote mawili. Alisema utani ni ruhusa ambayo watu wamepeana, na mtu aliyetoa ruhusa hawezi kulalamika. Lakini ruhusa lazima ijulikane na yule anayeitoa, na iende pande zote mbili. Mtu anayechukuliwa tu, bila kujua kwamba na yeye anaweza kuchukua, hajaingia katika utani, amevamiwa kwa nia njema. Mama alikosea akiamini kabisa kwamba yuko sahihi. Kosa la namna hiyo linamwondoa kwenye wizi, haliwezi kumwondoa kwenye hasara. Jogoo alikuwa mzima asubuhi, mchana akawa kitoweo, na aliyekosea kuhusu kabila la mtu ni yeye, si jogoo wala mwenye jogoo.

"Kwa hiyo mahakama haikuona wizi," akasema.

Shangazi akanyanyua mkono. "Rudia hapo, Ndugu Hakimu. Kwa sauti, walioko nje hawajasikia."

Na hakimu yule mkavu, Mungu amlipe, alirudia kwa sauti.

Vifaranga mia mbili aliwakataa. Alisema hasara ni lazima ifuatane na tendo kwa karibu, na vifaranga ambao hata mayai yao hayajatagwa, ambao wangekutana na mwewe, kicheche na mdondo kabla ya kuota manyoya, mahakama haiwezi kuwahesabu. Lakini mtama aliukubali, kwa maana mwenye mfugo anawajibika na ulaji wa mfugo wake. Hapo ndipo mkulima yule mtulivu alipofungua kinywa kwa mara ya kwanza, akasema yeye anaishi jirani na mdaiwa, na kwamba nyumbani kwake kuna vifaranga saba wamevaa soksi.

Kicheko kilichofuata kilitikisa bati. Tarishi alitumwa, akarudi na tenga. Kweli, saba, wekundu, manyoya mpaka vidoleni. Jogoo alikwisha kulipia mtama wake kwa njia yake mwenyewe.

Wakapatana mbele ya hakimu. Shangazi atamlea jogoo bora kati ya wale mpaka awike, amkabidhi bwana mifugo, na ada ya kesi alipe yeye. Akaweka alama ya dole gumba, akatoka nje kifua mbele. Jioni ile nilidhani mambo yamekwisha, na wote tumeshinda.

Kumbe aliyeshindwa alikuwa mdai.

Shangazi alitimiza hukumu neno kwa neno. Jogoo alilelewa vizuri kuliko mimi nilivyolelewa, na alipoanza kuwika alipelekwa kwa bwana mifugo bila debe, bila wimbo, ndani ya tenga safi. Na tangu siku ya hukumu hakumtania tena. Mahakama ilikuwa imesema si mtani, basi si mtani. Kijana akimwambia shikamoo, aliitikia marahaba, akauliza hali ya nyumbani kwao Bukoba, akapita. Heshima tupu. Kamba za viatu hakuna aliyezigusa. Mikutanoni alikaa peke yake mwisho wa benchi, ndugu bwana mifugo, shati limenyooka.

Siku moja akaja dirishani kwangu. Alizunguka zunguka, akasifu mwandiko wangu, mwishowe akasema, "Ndugu karani, naweza kukata rufaa?"

"Lakini wewe ulishinda."

"Najua. Nataka kukata rufaa."

Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika. Nikamwambia karani haruhusiwi kumshauri mtu, na kwamba aliyepewa alichokiomba hana pa kukatia rufaa. Alipogeuka kuondoka, ulimi wangu ulinishinda. "Ila yule mzee wa baraza alikuuliza ulichukua nini kwa mama," nikasema. "Jibu lako mpaka leo ni hilo hilo?"

Akaenda zake.

Jumamosi iliyofuata wanawake walikuwa wanarudi kutoka shamba la ujamaa, majembe begani, na mimi nilikuwa nimekwenda kumsaidia shangazi kupalilia. Tulisikia debe kabla hatujafika nyumbani. Lilikuwa linapigwa vibaya, bila mpangilio, na mtu asiyejua kupiga debe. Tulipokata kona tukamwona bwana mifugo katikati ya njia, debe limening'inia shingoni kwa kamba, na begani amebeba kinu cha shangazi, kile kizito cha mninga, jasho limelowesha shati lote. Watu wamejipanga pande zote mbili.

Alipomwona shangazi alisimama. Kisha akapaza sauti, akapiga debe mara moja, akasema mbele ya kijiji kizima:

"Mwizi wa jogoo wangu huyo anakuja!"

Hakuna aliyecheka. Neno lile lile, ambalo hakimu aliliondoa kwa hukumu, limerudishwa na mtu ambaye hukumu hiyo hiyo ilisema hana ruhusa. Mwanamke mmoja aliweka mkono mdomoni. Mimi nikafikiri, kijana huyu amejiua, na aliyempa kisu ni mimi. Shangazi alimtazama yeye, akakitazama kinu. Akampita, akaingia nyumbani, akafunga mlango. Aliponikatalia kuingia niliondoka nalia.

Jumatatu dirisha lilipofunguliwa alikuwa wa kwanza. Amevaa kanga mpya.

"Fungua faili," akasema.

Sikuweza kumtazama usoni. "Jinai au madai, shangazi?"

"Madai. Kashfa."

Nikavuta rejista. Mwandiko wangu wote mzuri ulikuwa umepotea. "Unamdai nani?"

Akaweka kitu kwenye ubao wa dirisha. Kilikuwa kipande cha muhogo mbichi, kimekatwa vibaya, na mtu asiyejua kukata muhogo.

"Nilikikuta mahali pa kinu changu," akasema. "Andika hivi. Mtani wangu ameniita mwizi mbele ya watu, na amechukua kinu."

Niliandika mpaka neno la kwanza, kalamu ikasimama. Nikainua macho. Alikuwa ameuma midomo, mashavu yamejaa, anahangaika kuzuia kicheko kama msichana aliyekaa mstari wa mbele darasani.

Hakimu alikuwa amesikia kutoka chumbani kwake. Akatoka, miwani mkononi. "Mama, tuelewane. Ukisema ni mtani wako, huna madai. Mtani hashtakiwi kwa utani. Tuliamua hapa hapa, na wewe ulikuwepo."

"Najua, Ndugu Hakimu."

"Sasa faili la nini?"

"Siku ile uliandika kwamba yule kijana si mtani wangu," shangazi akasema. "Nataka na hili liandikwe."

Hakimu alimtazama, akautazama muhogo, akanitazama mimi. Kisha akaichukua kalamu mkononi mwangu na kuandika mwenyewe, pole pole, mpaka mwisho wa mstari. Alipomaliza alimtoza ada, na shangazi akalipa, akadai risiti, akarudi kijijini kutwanga kwa jirani, maana kinu chake kilikuwa bado kwa mtani.